Mrushaji Aliyekwenda Vitani na Machela

Niliondoka kwa sababu ya ombi moja la Bi Margaret, mzee ninayemhudumia nyumbani kwake Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney. Amepita miaka tisini na moyo wake umechoka. Baba yake, Arthur, alimzaa uzeeni. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mrushaji mpira hodari wa kriketi. Vitani hakushika bunduki, alibeba majeruhi kwa machela. Akarudi mkono wa kulia umelemaa, na hakusimulia lolote mpaka kufa kwake. Wajomba wa Bi Margaret walinong'ona kwamba aliogopa kupigana.

"Wewe miguu unayo, Wambui," aliniambia. "Nenda kwenye klabu yake. Kama alikuwa mwoga, niambie. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Jumamosi asubuhi nikapanda treni. Mabohari yalipita dirishani, kisha nyumba, kisha maghorofa. Njia nzima nilijiuliza: nikikuta mabaya, nitayasema kwa mdomo upi?

Saa nne nilishuka katikati ya jiji, nikachukua basi hadi uwanjani. Mwanamume mmoja alikuwa akisawazisha nyasi. Alinisikia nikizungumza Kiswahili na dada yangu kwa simu, akacheka.

"Mama, weye ni wa Kenya?"

Ndivyo nilivyomjua Papa Mulumba, Mkongo wa Bukavu, mtunza uwanja. Nilipotaja jina la Arthur aliacha kazi palepale.

"Ile ya mkono wa kushoto? Kuya, mama, njoo uone."

Alinifungulia chumba cha picha. Arthur alikuwa ukutani, kijana, mkono wa kulia umeinuliwa. Chini yake, ndani ya kioo, palikuwa na barua ya mchezaji mwenzake, aliyeiandika akiwa hospitalini. Nilimtafsiria Papa Mulumba. Wabeba machela wawili, Arthur akiwa mmoja wao, walikuwa wakimtoa mchezaji huyo chini ya risasi. Mwenzake akauawa. Arthur akamfunga majeruhi mgongoni kwa mkanda, akatambaa naye. Njiani risasi ikamvunja mkono, naye hakumtua. "Mkono ule ulikuwa fahari ya klabu yetu," iliandikwa. "Aliutoa kwa ajili yangu."

"Wazee ya hapa wanasema alijifunza upya kurusha, kwa mkono wa kushoto, miaka, peke yake, kwa ukuta ule," Papa Mulumba alisema. "Siku ya kurudi, mpira yake ya kwanza ilienda kombo kabisa. Hakuna mtu alicheka. Wote walisimama."

Akakifuta kioo cha barua kwa kiganja.

"Kwetu nimeona vita, mama. Wenye bunduki ni wengi. Mwenye kurudi kuchukua mtu, niliona mmoja tu. Alinibeba mimi. Jina yake sijui."

Nilimshika mkono.

Alasiri nilirudi Liverpool. Bi Margaret alikuwa jikoni, ananingoja. Nilimsomea barua kutoka kwenye picha niliyoipiga, polepole. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Niliwaamini wajomba," alisema hatimaye. "Nilipokuwa msichana nilimwita mwoga, hapa mezani, mbele ya wageni. Hakujibu. Alinisogezea mkate, kwa mkono wake wa kushoto."

Siku hiyo nilijifunza kwamba unaweza kula meza moja na shujaa miaka yote, naye asikuombe hata umjue.