Mkwe Wangu Mdogo Analia Njaa

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilijifungua binti yangu wa kwanza mjini Machakos, na kabla hajanyonya vizuri akatapika majimaji ya kijani. Utumbo wake ulikuwa umeziba tangu tumboni mwangu. Walimpasua, wakamrudisha wodini na mpira mwembamba puani, uliovuta yale majimaji na kuyamwaga kwenye mfuko wa plastiki. Hadi yakatike, daktari alisema, hata tone la maziwa lisipite mdomoni, la sivyo mshono wa ndani ungeachia. Kuachia! Niliogopa hata kumpangusa midomo.

Kisha mama mkwe akafika kutoka Kalama na thamosi ya uji. Kwetu Wakamba, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na akishalichukua si mtoto tu: nilipaswa kumwita Mwaitu, yaani mama, na kumheshimu kama mkwe mwenyewe. Sasa mkwe wangu mdogo alikuwa analia njaa mbele ya mkwe mkubwa.

"Wewe unaninyima chakula," aliniambia mama mkwe, akimsemea mtoto, "mimi mama ya bwana yako?"

"Si mimi, Mwaitu. Ni daktari amekataza."

"Daktari hajaolewa kwetu."

Matiti yalijaa hadi yakauma. Nilikamua maziwa kikombeni, nikaenda kuyamwaga kwenye sinki, naye akanitazama. Niliporudi, nilimkuta ameinama, kijiko cha maji ya sukari kikikaribia mdomo wa mtoto. Nilimkamata mkono. Mkwe hakamatwi hivyo, najua, lakini nilikuwa nishapagawa.

"Atakufa!" nilipiga kelele. "Mwaitu, utamuua!"

Wodi nzima iligeuka. Nilidhani atachukua thamosi yake aende zake. Badala yake aliketi kwenye benchi, mzito kama gunia.

"Basi hata mimi sili," akasema.

Na hakula kweli, siku hiyo wala iliyofuata. Hatimaye mfuko ukakaa mtupu. Nesi akaja na bomba lisilo na sindano, akamimina maziwa yangu kidogo sana, yakateremka yenyewe kwenye mpira huku mimi nimeshika ukingo wa kitanda. Tumbo liliyapokea. Wakaongeza polepole, hadi siku waliyoutoa mpira na kuniambia nimnyonyeshe.

Alinyonya kama mwenye kisasi nami. Kisha akatapika.

Nilifumba macho. Matapishi yakiwa ya kijani, basi mshono umeachia, na mimi ndiye niliyemlisha.

"Angalia wewe, Mwaitu," nikasema. "Mimi siwezi."

Nilimsikia akimpangusa mtoto kwa pembe ya leso yake.

"Ni meupe," akasema. "Hata mimi nikishiba sana nacheua."

Nikafumbua macho. Alikuwa anajaribu kucheka, lakini bado aliigeuzageuza leso mwangani, akiikagua tena na tena, na ndipo nikajua kwamba siku zote zile alikuwa ameogopa kuliko mimi.