Upande wa Ndani wa Wavu

Siku ile kisimani tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu wa kike, mzee wa kona aliyestaafu kiwandani, mke wake, mama aliyekuwa akiuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yetu, na bwana mmoja wa kujitolea aliyetumwa na watu wa afya kwa ajili ya kipindupindu, tunachokiita kolera. Ninawataja wote kwa sababu baadaye wengine walisema hawakuwepo.

Yule bwana alikaa kwenye kibao, chupa ya klorini miguuni. Kila mtu aliyejaza bidoni yake ya maji, alimtilia dawa kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mzee wa kona alichota kikombe kwenye bidoni yake, akakinusa, akamwaga chini.

"Hii maji inanuka usine," alisema. "Minye nilitumika kule kiwandani mpaka meno ikaisha. Pua yangu njo laboratwari."

"Papa, ni dawa ya kuua kolera," yule bwana alisema.

"Kolera ni ya batu ba samaki, kule ku ziwa. Siye huku tunakula mboga." Akamgeukia mama wa makala, ambaye alizaliwa upande wa ziwa. "Haiko vile, mama samaki?"

"Papa, kolera haiulizake muntu kwao ni wapi," mama alijibu, akasogeza bidoni yake. "Bwana, minye unitilie. Tia hata mingi."

"Ule anataka kufua nguo mu tumbo!" mke wa mzee alisema, na sote tukacheka, hata yule bwana wa dawa.

Asiyekulia mji wetu wa Likasi anaweza kuona ulikuwa ujinga mtupu. Lakini sisi tumelelewa na pua. Baba yetu naye alikuwa mtu wa kiwanda, na kabla hajafa alitufundisha kwamba maji yenye harufu ya kiwanda hayanywewi, wala mboga hazimwagiliwi nayo. Maji meupe yasiyo na harufu ndiyo mazuri. Kwa hiyo watu wa avenyu yetu walipokea klorini kwa heshima, wakakata kona, wakamwaga, kisha wakarudi kuchota upya yule bwana alipokwenda kula. Pipa la jikoni kwetu pia lilijazwa hivyo. Ndoo yenye robine ya kufungulia maji iliyowekwa sokoni Kikula ili tunawe mikono haikukaa sana. Mara ya pili nilipoiona, ilikuwa imelowekwa maharage. Kanisani tuliendelea kupeana mikono. Redio ilisema kolera iko mjini, na watu waliisikiliza kama habari za nchi nyingine.

Mimi niliacha shule mama alipomfuata baba. Asubuhi nilikaanga mikate na kuiuza, na mdogo wangu alivunja mawe upande wa Kakontwe. Tuliishi hivyo, na kitinda mimba, niliyemwita mtoto wangu, alikula.

Asubuhi moja rafiki wa mdogo wangu alimrudisha kutoka machimboni amemlaza juu ya baiskeli kama gunia. Macho yalikuwa yameingia ndani. "Yaya, miguu inanikamata," aliniambia mimi mkubwa wake, na sauti haikuwa yake. Nilimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva. Kitinda mimba nilimwacha kwa mke wa mzee wa kona, maana uwanja wake ulijaa wajukuu na sufuria yake haikukauka.

Mahema ya kolera yalizungushiwa wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa. Mlangoni walininyunyizia dawa miguuni, na muuguzi akaniambia sheria: "Unaingia naye, unatoka naye. Hamuna kuenda na kurudia."

Nilikubali bila kufikiri. Mdogo wangu alilazwa kwenye kitanda chenye tundu, ndoo chini yake, mrija wa serumu mkononi. Kazi yangu ilikuwa kumnywesha, kuangalia ndoo imejaa hadi wapi, kuimwaga, kumsugua miguu ilipokakamaa. Chini ya lile hema joto lilitukaba sisi sote, wagonjwa na wazima. Nje, hatua chache tu kutoka kitandani, pikipiki zilipita, wanawake walibishana bei ya majani ya sombe, mtu alichoma mahindi. Niliwaona wote kupitia vitundu vya wavu, nao wakatuona, wakakaza mwendo.

Mdogo wangu alianza kuzungumza vizuri siku ambayo mama wa makala alikuja nje ya wavu na bukari, ugali wa kwetu, amelifunga kwenye kitambaa. Walimkataza kulipitisha, akabaki amelishika.

"Yaya," aliniita, kama wanavyoniita wadogo zangu, ingawa ana umri wa mama yangu. "Mzee wa kona alikufa."

"Na nini?"

"Banasema ni tumbo ya buzee." Akasogea karibu na wavu. "Kuhara na kutapika. Bakamuficha mu nyumba, hawakumuleta huku. Batoto yake njo banamuosha, beye benyewe, mikono mitupu."

"Na mutoto wangu?"

"Iko pale pale ku kilio. Anakula na benzake mu basani moja."

Nilijua kilio kile cha msiba kilivyo bila kukiona. Pipa moja la maji katikati ya uwanja, kikombe kimoja juu yake, kinazunguka. Watoto wamezunguka beseni, mikono yote ndani. Na hakuna anayeondoka kabla mikeka haijakunjwa. Ukimtoa mtoto kwenye kilio cha jirani, ni kama umesema nyumba ile ndiyo iliyomuua mtu wake, au kwamba wewe unajua kilichomuua.

Nilikimbia mlangoni kwa yule muuguzi. "Docta, acha nitoke kiloko tu. Ninarudia."

"Ukitoka, haurudie. Na mugonjwa wako nani atamubeba?"

"Dakika kiloko, papa."

"Yaya, minye pia niko na batoto. Sheria njo sheria."

Nyuma yangu mdogo wangu aliita maji. Nilisimama pale, mtoto mmoja huku, mwingine kule, na wavu ambao ningeweza kuuchana kwa meno. Nilirudi kumnywesha. Halafu nikaenda kwa mama wa makala, aliyekuwa bado amesimama na bukari lake.

"Mama, nenda umutoshe mutoto mu kilio."

Alifunga upya kitambaa cha bukari. "Unajua kile batanisema."

"Ninajua."

"Minye muntu wa ku ziwa. Mu kilio ya muntu mwenye alinicheka."

"Ninajua, mama."

"Na unanituma?"

"Ninakutuma."

Alikaza kitenge chake kiunoni akaenda. Sikuwa na njia ya kujua kama alifika, kama walimpa mtoto, kama mtoto alikuwa amekwisha kunywa. Nilisugua miguu ya mdogo wangu hadi akaniambia nimwachie ngozi.

Kisha waombolezaji wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mjane mwenyewe, kwenye mkokoteni. Nyuma yake binti yake, kisha wajukuu, kisha watu ambao niliwazoea kuwaona kanisani wamevaa vizuri. Kila aliyeingizwa nilimtazama uso kwanza, nikitafuta wa kwetu. Hakuwemo. Mjukuu mmoja, rika la kitinda mimba wetu, alitolewa amefungwa kwenye plastiki, na mama yake hakuruhusiwa kumwosha.

Mjane alilazwa karibu nasi. Alipopata nguvu ya kusema, maneno yake ya kwanza marefu yalikuwa haya: "Ule mwanamuke wa makala aliingia mu kilio yangu. Akashika mutoto mukono, mbele ya basani, mbele ya batu bote. Alijua. Alijua namna gani?"

"Mama, ni minye nilimutuma," nilisema.

"Weye? Weye uko huku ndani. Uliona wapi?"

"Aliniambia ugonjwa ya papa. Nikaogopa."

"Papa alikufa na buzee!" alisema, na serumu ilikuwa inadondoka mkononi mwake.

Mwanamke wa kitanda cha pili akadakia: "Batu ba ziwa banaleta samaki, banaleta na kolera. Kisha banatosha wenye banapenda."

Nilisema tena kwamba ni mimi. Nilimwambia kila aliyeuguza mgonjwa wake kama mimi, nikimwaga ndoo, nikipanga foleni ya maji ya chumvi na sukari. Walinisikiliza kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. "Mutoto wa batu," walisema kunihurumia, kana kwamba nimedanganywa, "banakufunga macho." Nao waliokuja kwenye wavu kuwaona jamaa zao walibeba hadithi ya mjane kwenda nayo mtaani, si yangu.

Tulitoka mdogo wangu alipoweza kutembea. Kitinda mimba alikuwa kwa mama wa makala, mzima, amesukwa nywele, ananuka klorini. Magunia ya makala yalikuwa yamejaa ukutani kama nilivyoyaacha. Hakuna aliyekuwa ananunua. Mlangoni kwake mtu alikuwa amemwaga matope.

"Chukua mutoto yako," aliniambia. "Minye ninaenda upande wa Koni, kwa ndugu yangu."

"Baki, mama. Nitasema nao."

"Kule ndani ulisema nao. Balikusikia?"

Nilimbebea mzigo hadi kwenye lori. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonishinda kubeba.

Ugonjwa ulipita. Bwana wa dawa haji tena, na kisimani watu wanasema maji sasa ni matamu. Mimi nimepita nyumba kwa nyumba kwenye avenyu yetu nikieleza nani alimtuma nani. Wengine wanakubali. Wengine wananiambia, "Yaya, ile ilipita, acha." Mama wa makala alinitumia neno kwamba atarudi siku mjane mwenyewe atakapomwita, bila hiyo, hapana.

Kwa hiyo kila Jumapili, misa ikiisha, ninaenda kwa mjane. Ananipa kiti, anauliza habari za wadogo zangu, anamsifu kitinda mimba kwamba amekuwa mrefu. Nikifika kwenye jina la mama wa makala, anainuka kwenda kutazama chungu chake. Ninamngoja arudi akae, ninaanza tena. Mtoto wangu yuko hai kwa mguu wa mtu mwingine, na jina jema la mtu yule bado sijalirudisha.