Fundi betri anayepapasa chanya na hasi kwa vidole

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi betri ameinama pembeni ya boneti iliyo wazi, uso ameugeuzia ukutani. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vinapapasa vichwa vya betri, kwanza kimoja, kisha kingine, halafu vinarudi kwenye kile cha kwanza. Hatazami anachokifanya.

"Chanya ni kinene kidogo, hasi ni chembamba," anasema. "Wengi hawalijui hilo. Mimi ndilo linaloniweka mjini."

Wateja wake wamemzoea kwa jina la Bwana Chaji, na humtania kwamba anazipima betri homa. Wanadhani ni mbwembwe za fundi wa siku nyingi. Ukweli, ambao mkewe pekee ndiye aliyekuwa akiujua mpaka asubuhi hii, ni kwamba haoni vizuri. Jicho la kushoto alilipoteza miaka kumi na moja iliyopita. La kulia limetanda ukungu kwa miezi saba sasa, na waya mwekundu na mweusi zote anaziona za rangi ya udongo.

Ana miaka hamsini na minne. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, betri tisa zimepangwa juu ya mbao zikichajiwa, na harufu ya asidi inakereketa koo. Mlangoni zipo ndoo mbili za maji safi. Mkewe huyabadilisha kila siku kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Sababu ya ndoo hizo ni jicho la kushoto.

"Zamani tulikuwa tunagusisha spana kwenye vichwa viwili ili tuone cheche," anasimulia. "Cheche ikiwa kubwa, betri nzima. Kila fundi alifanya hivyo. Siku hiyo betri ilikuwa bado kwenye chaji, imejaa gesi. Sikusikia hata mlipuko. Nilihisi maji usoni, nikajiuliza nani kanimwagia. Ilikuwa asidi."

Tangu hapo anaogopa kila betri, hata mpya iliyo ndani ya boksi lake. Huzima chaja kabla ya kugusa klipu. Hufungua hasi kwanza na kuifunga mwisho. Hainamishi uso juu ya betri hata kama ameangusha pete ya ndoa humo.

Woga huo umemfanya awe fundi mwaminifu. Hauzi betri mpya kabla hajaosha vichwa kwa maji ya moto na soda ya kuokea, akapima alteneta inayoichaji betri na mkanda wake. "Nusu ya wanaokuja kununua betri hawahitaji betri," anasema. "Ila ikivimba ubavu, hapo hakuna mjadala, itoke."

Mteja akihitaji mpya, humwonya aangalie kama inakaa sawasawa kwenye kitako chake, chanya iko upande gani, na imetengenezwa lini. "Betri iliyolala dukani mwaka mzima ni mzee aliyenyoa ndevu. Usimpe shamba alime."

Siku hizi tarehe hizo husomewa na mkewe.

Gari lililo mbele yake asubuhi hii ni la mkunga mmoja anayesubiri pembeni, limegoma kuwaka. Fundi anaamua kuliunganisha na betri yake ya akiba kwa nyaya. Anapapasa tena, anaridhika, anabana klipu tatu. Anaigusisha ya nne.

Cheche inaruka kubwa kama ngumi, waya unafuka moshi. Mwandishi wa makala hii alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, na haoni haya kukiri kwamba alijikuta yuko hatua nane.

Fundi yuko chini, viganja vimefunika uso. Mkewe ameshafika na ndoo, anammwagia maji huku akimkagua mashavu. Hakuna asidi. Betri haikupasuka.

"Fungua jicho, Baba Watoto."

"Sitaki."

"Fungua nione."

"Na nikilifungua nikute giza?"

Hatimaye analifungua. Ukungu uko palepale, na analia kwa shukrani.

Mkunga ameinama juu ya betri yake. Kichwa cha hasi kilikuwa kimelika, na fundi fulani alikizungushia kipande cha bati ili kibano kishike, akapaka grisi juu yake. Kwa vidole, hasi ilikuwa nene kuliko chanya.

"Hata mimi nimefunga vibati vya namna hiyo," fundi anasema kwa sauti ndogo akishaelezwa. "Magari mangapi, sijui."

Mkunga anamsogelea, ananyoosha mkono mbele yake. "Vidole vingapi hivi, fundi?"

"Sivioni, mama."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Gari hili ndilo ninalokimbilia kwa wazazi," mkunga anasema. Hafoki, na hilo linamuumiza fundi zaidi.

Daktari alimwambia zamani kwamba ni mtoto wa jicho, hutolewa, na wengi hupona. Amepangiwa upasuaji mara mbili na mara zote mbili hakwenda. "Mwenye macho mawili anaweza kujaribu moja," anaeleza. "Mimi nitajaribu na lipi?"

Mkewe anazima chaja, anachomoa klipu za betri zote tisa. Fundi hamzuii. Anageukia upande inakotoka sauti ya kalamu ya mwandishi.

"Nimepangiwa tena Alhamisi. Andika kwamba naenda. Ikishatoka gazetini, wateja wote watajua, nami sitakuwa na pa kujificha."

"Saa tatu?" mwandishi anauliza.

"Saa mbili," mkewe anasahihisha. "Saa tatu ndiyo aliyoikimbia mara ya kwanza."

"Na uandike kwamba naogopa," fundi anaongeza. "Usilipambe."

Anaogopa. Upasuaji ni Alhamisi, saa mbili asubuhi.