Masara hadi Homa Bay, na Kadi Shingoni

Nilienda Homa Bay nikiwa na hasira, na sababu niiseme mapema. Nina miaka kumi na tisa. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilipata mtoto, Akinyi, na katekista wetu wa Masara akanitoa kwaya. Felix, baba wa mtoto, ni rika langu kabisa. Yeye aliendelea kubeba msalaba mbele ya padri kila Jumapili, kana kwamba Akinyi nilimwokota sokoni. Niliposikia kwamba kwenye kongamano la vijana Wakatoliki kuna kipindi ambapo kijana yeyote anaweza kumuuliza padri swali, nikasema langu lazima liulizwe.

Ijumaa asubuhi, kabla basi la shule tulilokodi halijaondoka, katekista alinivisha kadi shingoni. Imeandikwa MLEZI.

"Mlezi wa nani?"

"Wa wasichana. Wewe sasa ni mama."

"Na Felix ni nani?"

Akageuka kufunga gunia la njugu ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Njia nzima hadi Rongo tuliimba mpaka sauti zikakauka. Akinyi alipakatwa na kila mtu isipokuwa Felix, aliyekaa mbele na msalaba umefungwa kwa leso kama yai. Rodi Kopany tukanunua ndizi. Tulipoanza kuteremka kuingia Homa Bay, ziwa likatokea lote kwa mara moja, limejaa magugu, na hata mimi nikasahau kununa.

Getini vijana wa Magunga walitungoja. "Watu wa Masara! Dhahabu ya migodi yenu iko wapi?"

"Iko ndani ya njugu," nikawajibu. "Tafuneni polepole msivunje meno!"

Tukacheka wote. Lakini mlangoni mwa ukumbi, kijana wa mapokezi mwenye kitambaa cha manjano aliisoma kadi yangu. "Walezi ni jikoni, mathe."

"Mathe yako nani? Nimekuzaa lini?"

Hata hivyo nikaenda jikoni. Huko mkubwa alikuwa Mama Otieno wa Ndhiwa, anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia. Alinipa kisu na sukuma wiki, akanitazama nikikata.

"Nyathina, mwanangu, mbona unakata sukuma kama unaua nyoka?"

Nikamwambia yote. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mtoto mwenye mtoto bado ni mtoto. Leta huyo."

Akamfunga Akinyi mgongoni, akaigeuza kadi yangu upande mweupe. "Sasa wewe ni kijana. Enda, na kesho baada ya maswali usirudi hapa bila jibu."

Jumamosi mchana nilimwacha Akinyi tena kwa Mama Otieno, na kipindi cha maswali kilipoanza, nilisimama. Mdomo ulikuwa tayari.

"Padri, msichana na mvulana wamepata mtoto. Msichana akatolewa kwaya, mvulana akaachiwa msalaba. Dhambi ilikuwa ya mmoja?"

Wasichana wakapiga madawati kama ngoma. Felix alikagua viatu vyake. Padri akavua miwani, akangoja kelele ziishe.

"Hapana. Ilikuwa ya wawili. Na kanisa ni la wote watatu."

"Basi mwambie katekista wetu, ameketi pale nyuma."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Padri mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Jikoni, Mama Otieno, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alipiga kigelegele kilichomwamsha Akinyi.

Jumapili, tukirudi, katekista alifunga na kufungua gunia tupu la njugu hadi tulipopita Rongo. Ndipo akasema, uso dirishani: "Mazoezi ya kwaya ni Jumamosi. Usichelewe."

Nilichojifunza ni hiki: ukinyamaza, wanakuandikia kadi.

Jumamosi hiyo nilifika mapema. Felix alikuwa mlangoni, hajui aingie au atoke. Nikamkabidhi Akinyi.

"Nimshike aje?"

"Msalaba umeuzoea," nikamwambia. "Huyu anataka mikono miwili."

Nikaingia kuimba.