Majivu ya pumba za mpunga yalivyonisimamisha mbele ya maprofesa hapa Babati

Wakuu, salama?

Mimi humu jukwaani ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zangu mbili za nyuma zote nilikuwa naulizia vipuri vya bajaji. Leo nina kitu kimenijaa kifuani, na kimenitokea mimi mwenyewe. Atakayesema ni chai, yaani nimetunga, aje Babati mjini, aulize fundi wa plastiki karibu na soko. Ataletwa mpaka kibandani.

Nianze na kazi yangu.

Naziba plastiki. Tanki la maji limepasuka, beseni, dumu, bampa ya bajaji, lete. Wenzangu wengi wanashona kwa waya, mimi nayeyusha. Nina jiko la mkaa na vipande vya nondo nilivyovibonda ncha. Napasha, nayeyusha pande mbili za ufa, naongezea plastiki ya aina ileile, nalainisha.

Tanki nikiliziba mimi halirudi. Sijisifu.

Haya, najisifu kidogo.

Jirani yangu ana duka la vyombo, familia ya Kiislamu ya siku nyingi hapa mjini. Binti yao anaitwa Mwanaidi, nimemwona tangu anaenda chekechea. Sasa yuko chuo kikuu anasomea mambo ya polima na nano.

Kwa tusiojua (nami nilikuwa kwenye kundi hilo), polima ni plastiki na ndugu zake wote, mpaka mpira na nailoni. Nano ni vitu vidogo kiasi kwamba unywele wako ukiupasua mara maelfu ndiyo unaanza kuvikaribia. Mwanaidi ndiye alinieleza, huku mimi nikitikisa kichwa kama nimeelewa.

Mwaka jana alikuja likizo, akaja kibandani.

"Shikamoo, Baba Anjela."

"Marahaba mwanangu."

"Hivi kwa nini matanki yako hayarudi? Baba anasema ya mafundi wengine yanapasuka tena palepale."

Nikacheka. Akaomba vipande nilivyoziba, aende kuvivuta kwa mashine chuoni aone vinakatikia wapi. Nikampa.

"Unaweka nini humu?"

"Plastiki tu."

Kabla hajaondoka akaniuliza tena. Nikamwambia ni mkono, mwanangu. Baadaye akapiga simu kutoka chuoni: "Baba Anjela, samahani nakusumbua, una uhakika hakuna kitu kingine umechanganya?" Nikamwambia hakuna.

Wakuu, nilimdanganya mtoto wa watu mara tatu.

Ukweli ni kwamba naweka majivu. Pumba za mpunga nachukua mashineni kule Magugu, nazichoma mpaka ziwe nyeupe kabisa, nasaga, nachekecha kwa kitambaa cha kanga. Plastiki ikiwa laini nanyunyiza kiasi cha chumvi ya mboga, nakandamiza. Ufa ukipoa unakuwa mgumu kuliko tanki lenyewe.

Kwa nini nilificha? Kwanza, mafundi tuko wengi na kila mmoja anachungulia jiko la mwenzake. Pili, mteja akisikia neno majivu, moja kwa moja anajua umemchakachulia. Nani atanipa tanki la lita elfu tano nilizibe kwa majivu? Kwa hiyo kopo langu huwa limeandikwa "poda".

Sasa mwaka huu likaja kongamano la watafiti wa polima na nano, wakalifanya kwenye hoteli moja hapahapa mjini. Wageni wa nchi mbalimbali, na maprofesa wetu wa nyumbani. Mwanaidi akaja kunialika.

"Bango langu la utafiti linahusu kazi yako. Lazima usimame na mimi."

Akanieleza jambo moja ambalo naomba mlishike. Kwenye kongamano kuna profesa mmoja, mama wa Kitanzania, anatafuta mwanafunzi mmoja tu wa kumchukua kwenye maabara yake. Mwanaidi alikuwa amemwandikia barua pepe mpaka amechoka. Sasa mama atapita mwenyewe kwenye mabango, aone kazi, aulize maswali.

"Hiyo ndiyo networking, Baba Anjela. Akipita kwangu bila kusimama, nimekwisha."

Siku hiyo nilivaa shati la kanisani. Mlangoni nikapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Wengine chini ya majina yao kuna chuo kikuu cha nini sijui, maabara ya wapi. Langu: FUNDI, SOKONI BABATI. Nilikitazama mara nyingi, siwafichi.

Wakati wa chai nikaona mambo. Nilidhani watu wamekuja kusikiliza mada, kumbe kazi kubwa iko kwenye chai! Mtu ameshika sambusa mkono wa kushoto, wa kulia anatoa kadi. Dakika mbili hapa, anahamia pale. Nilipewa kadi saba na sina hata moja ya kurudisha, nikawa nataja namba ya simu kwa mdomo, wanaandika. Mzungu mmoja mrefu aliniuliza kitu, nikajibu "yes", akafurahi sana. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Halafu tukaenda kwenye mabango.

Wakuu, hapa ndipo nilipopigwa na butwaa.

Kwenye bango la Mwanaidi kulikuwa na picha kubwa, ya kijivu. Nikamuuliza hii nini. Akasema, "Hii ndiyo kazi yako. Ndani ya ufa wa tanki uliloziba, nimepiga kwa hadubini ya elektroni."

Nimeziba plastiki zaidi ya miaka ishirini. Sikuwahi kujua ndani pakoje. Niliona mawimbi, mabonde, nyuzinyuzi zimevutana kutoka upande huu kwenda upande ule mpaka hujui tanki la zamani limeishia wapi na plastiki yangu imeanzia wapi. Nilisogea mpaka pua ikagusa karatasi. Machozi yalinilenga, na sioni aibu kusema.

Na katikati ya yale mabonde, kila mahali, vidoa vyeupe. Vidogo vidogo, vimetawanyika kama chenga za chumvi.

Nilivijua.

Chini ya picha Mwanaidi ameandika hitimisho lake. Akanisomea: uimara unatokana na joto na mkandamizo wa mkono wa fundi, bila kuongeza kitu chochote.

Nikiwa bado nimesimama hapo, profesa akafika. Mama mfupi, miwani ameipandisha kichwani, nyuma yake watu kama kumi. Mwanaidi akaanza kwa Kiingereza. Mama akainua mkono.

"Tuongee Kiswahili, fundi naye asikie."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akashusha miwani, akaitazama picha muda mrefu. Akaweka kidole kwenye doa jeupe.

"Hizi chembe ni nini?"

Mwanaidi akaiinamia picha. Akanitazama mara moja, haraka, akarudisha macho kwa profesa.

"Nadhani ni uchafu, Profesa. Pengine sikusafisha sampuli vizuri. Ni kosa langu."

"Kwenye sampuli zote?"

"Ndiyo, Profesa."

"Sampuli zote ni chafu, na bado umeandika hitimisho?"

Mama hakusema kwa ukali, ndiyo maana iliuma zaidi. Nyuma mtu mmoja akaanza kuondoka. Mwanaidi alikuwa ameshika kona ya bango kama linataka kuanguka, na halikuwa linaanguka.

Angeweza kusema "muulizeni fundi". Hakusema. Alikuwa na neno langu mara tatu, akaamini neno langu kuliko macho yake mwenyewe, na sasa anabeba aibu yangu mbele ya mtu aliyemtafuta mwaka mzima.

Nilisikia sauti yangu inasema, "Sio uchafu, mama. Ni majivu."

Wote wakageuka.

Nikaeleza. Pumba, Magugu, kuchoma mpaka weupe, kitambaa cha kanga. Nikaeleza na lile kopo la "poda". "Binti aliniuliza mara tatu, nikamwambia hakuna kitu. Sampuli zake ni safi. Mchafu ni mimi."

Nikasubiri wacheke.

Hakucheka mtu. Aliyekuwa anaondoka akarudi. Mzungu mrefu akamvuta mwenzake amtafsirie. Profesa akasema majivu ya pumba za mpunga yamejaa silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, na kuna watu wanahangaika maabara wakitengeneza chembe za silika za kuchanganya na plastiki. Akaniuliza nachoma kwa muda gani, moto mkali au wa taratibu, kwa nini nangoja weupe. Yule mama, profesa mzima, anauliza na kungoja jibu langu! Akaongeza kwamba hajui kama majivu ndiyo yanayoleta uimara, hilo lazima lipimwe.

Kisha akamgeukia Mwanaidi. "Sasa?"

Mwanaidi akachomoa kalamu. Mbele ya watu wote akapiga mstari juu ya hitimisho lake, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hitimisho sio sahihi. Nitaanza upya. Plastiki peke yake, na plastiki na majivu."

Mimi kazini mteja akinionyesha kosa naapa mpaka kwa mbingu. Huyu binti amefuta kazi ya mwaka mzima kwa kalamu ya wino. Niliogopa elimu siku hiyo, kwa namna nzuri.

Profesa akampa kadi. "Nitumie kazi mpya, nikiiona tutaongea."

Msidhani Mwanaidi alinikumbatia. Chakula cha mchana alikula meza nyingine, amenipa mgongo.

Kesho yake akaja kibandani na daftari. Shikamoo ilikuja, lakini kavu.

"Nilikuuliza mara tatu."

"Kweli mwanangu. Nisamehe."

"Anza mwanzo. Usiruke kitu."

Nikamwambia yote, akiandika. Nikamzibia vipande na majivu na bila majivu mpaka mkaa ukaisha. Akavipeleka chuoni, miezi ikapita. Wiki iliyopita akapiga simu anacheka: vya majivu vimeshinda kwa mbali, profesa amesoma, nafasi ameipata. Nilipiga kelele mpaka mama lishe wa jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Halafu akasema, "Baba Anjela, naandika makala yenyewe sasa. Hii ya majivu uliigundua mwenyewe?"

Nikasema hapana. Nilifundishwa na marehemu bosi wangu, kule Bonga. Ndiye aliyeniambia nisimwambie mtu, hata mke wangu.

"Basi lazima tumtaje. Jina lake kamili?"

Wakuu.

Nikamwambia nitampigia baadaye. Nilikula kwa yule mzee miaka sita, nililala kwake, alinipa kazi ninayolishia wanangu. Siku zote tulimwita Mzee Plastiki. Mjini wote walimwita hivyo. Siri yake nimeilinda mpaka kumdanganya mtoto wa jirani, jina lake sikuwahi kumuuliza.

Nilipanda bodaboda mpaka Bonga. Mjane wake bado yupo, macho yamepungua. Nikamwamkia, nikaeleza nilichofuata. Akaingia ndani, akatoka na cheti cha ubatizo kwenye mfuko wa nailoni, akanipa nisome mwenyewe.

Leonsi Amnaay Tluway.

"Wanataka kumwandika wapi?" akauliza bibi.

"Kwenye kitabu cha wasomi, mama. Kwa sababu ya yale majivu."

Akachukua cheti, akakirudisha kwenye mfuko. "Alikuwa ananiambia ni poda," akasema.

Nilichojifunza: ujuzi ukiufungia kwenye kopo unazeeka na wewe, na aliyekupa anapotea kabisa. Sasa mafundi wenzangu hapa sokoni wakija nawaonyesha. Kazi haijapungua.

Nawe uliyefundishwa kazi, iwe ushonaji, gereji, saluni au ualimu, unalijua jina kamili la aliyekufundisha? Kama unalijua, liandike hapo chini. Kama hulijui, nenda kaulize kwanza, uzi utaukuta.