Besi ya Mjomba Shabani

Nyumba yetu ya Chang'ombe ilinuka vumbi linaloungua. Baba alikuwa fundi wa redio, na nusu ya sebule ilikuwa karakana yake: redio zilizofunguliwa matumbo, mafungu ya waya, na chuma cha kulehemu kilichotoa moshi mwembamba wenye uchungu kooni. Valvu, zile taa ndogo za kioo ndani ya amplifaya, ziliwaka rangi ya chungwa, na vumbi la barabara yetu lilipotua juu yake liliungua kwa harufu ambayo mpaka leo nikiikuta mahali nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Chumba cha uani alikaa Mjomba Shabani, mdogo wake mama, mpiga besi katika bendi ya kiwanda cha nguo. Asubuhi alisimama kwenye mashine za kufuma kama wenzake, na mchana wanamuziki waliruhusiwa kwenda mazoezini. Enzi hizo bendi nyingi zilikuwa na mwenyewe, kiwanda au shirika, na vyombo vilikuwa mali ya mwenyewe huyo. Mwanamuziki hakuwa na chake ila vidole.

Ilikuwa miaka ya foleni. Tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga, lakini nyuzi za besi hazikuwa hata na foleni ya kupanga. Kwa hiyo kila Jumamosi mjomba alizivua nyuzi zake zote nne, akazikunja na kuzichemsha kwenye sufuria ya mama ili jasho na uchafu vitoke, sauti irudi kung'aa.

"Shabani, hiyo ndiyo sufuria yangu ya wali," mama alilalamika.

"Dada, leo mtakula wali wa besi," alijibu, na mama akageuka upande ili asionekane anacheka.

Nyuzi zikiwa bado zinafuka mvuke, alifika Kanuti, mpiga besi wa bendi nyingine, mtu mpole kutoka Masasi aliyekuja na Biblia kwapani moja kwa moja kutoka mazoezi ya kwaya. Bendi zao zilikuwa mahasimu, mashabiki wao walikuwa wakitukanana barabarani, lakini wao wawili walikaa mkekani na baba wakibishana mpaka chai ikapoa. Mjomba alizituni nyuzi zake kwa kuzilegeza, zikashuka noti nzima chini ya kawaida, kwa sababu zilikuwa kuukuu na zingekatika zikikazwa, na pia kwa sababu mwimbaji wao alikuwa amezeeka koo na hakuweza tena kupanda juu.

"Ukizilegeza namna hiyo zinakwaruza shingo ya gitaa," Kanuti alimwambia. "Sauti inakuwa uji."

"Uji ndio chakula, Kanuti. Sauti yako wewe inaishia masikioni. Yangu inaingia tumboni."

"Tumbo la nani? Amplifaya yenyewe inakohoa."

Hapo waligeuka wote kumtazama baba, naye akawaeleza taratibu kwamba spika ile ilitengenezwa kwa gitaa la kawaida, si kwa besi, na wakizidi kushuka wataipasua. Sikuelewa nusu ya maneno yao. Lakini nilipenda kuwaona watu wazima wakigombania kitu kisicholiwa wala kuvaliwa, katika miaka ambayo mazungumzo mengine yote yalikuwa ya kuulizana kitu fulani kimepatikana wapi.

Baada ya mvua za kwanza amplifaya ya bendi ilianza kupiga shoti. Mjomba aliileta nyumbani, baba akaifungua na kukuta kifaa kimoja, kidogo kama kipande cha chaki, kinavujisha umeme kwenye bodi ya chuma. Bodi ile iliungana na nyuzi za gitaa, na soketi za ukumbi wao hazikuwa na waya wa ethi wa kuupeleka umeme ardhini. Kifaa cha kubadilisha hakikuwapo Dar nzima. Zamani vitu kama hivyo vilitoka Nairobi, na sasa mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa.

"Shemeji, hii bora nisikupe," baba alisema. "Kuna mtu anakwenda Zambia, nimemwagiza. Subiri."

"Nisubiri mpaka lini? Jumapili meneja ana wageni. Tusipopiga, bendi inavunjwa, na sie tunarudi kwenye mashine kutwa nzima. Mie sikio la kushoto halisikii tena kwa zile kelele. Likienda na hili la kulia, nitakuwa nani?"

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele, nami pembeni yake. Baba akaanza kurudishia skrubu moja moja.

"Basi vaa raba zako. Na maiki usiiguse, hata mdomo usiusogeze; umeme ukipata njia toka kwenye nyuzi hadi kwenye maiki, utapita mwilini mwako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji."

Jumapili ile mvua ilinyesha asubuhi, na dansi la mchana likapigwa kwenye ukumbi wa wazi, sakafu bado ina madimbwi. Sote tulikwenda. Baba aliketi karibu na soketi, hakucheza wala kunywa. Mjomba alivaa raba zake, lakini zilikuwa za kitambaa na zilikuwa zimeshalowa njiani. Alipiga vizuri siku ile. Nakumbuka nilihisi besi yake kwenye benchi nililokalia. Kisha katikati ya wimbo mwimbaji alikwama kiitikioni, sauti imempotea, akabaki amefumbua mdomo mbele ya wageni. Mjomba alimwona. Akainama kwenye maiki kumwokoa.

Sauti nzito moja ilitoka na haikukoma. Mjomba alisimama wima akitetemeka, kichwa nyuma, na watu wakadhani ni madoido. Walipiga makofi. Mama pia alipiga makofi. Baba peke yake aliruka na kuung'oa waya ukutani, na mjomba akaanguka juu ya gitaa lake.

Tulimzika kesho yake. Watu wa kiwanda walikuja kutoa pole, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika kwamba chombo kilitengenezwa na fundi wa mtaani asiye na kibali. Baba alichukuliwa na polisi kuhojiwa, akarudi amevimba macho, bila kosa la kushitakiwa. Nyumbani hakuulizwa lolote. Mama alimwekea chakula, akamfulia, lakini hakumsemesha. Kanuti alikuja kila Jumamosi akaketi kati yao akizungumza peke yake, mpaka maneno yakamwishia.

Siku moja nikiwa namsaidia mama kuanika nguo, nilimwambia nilichodhani hakijui.

"Mama, baba alimkataza. Nilimsikia."

Aliendelea kukamua kanga. "Na mie nilimsikia," alisema. "Nilimsikia akimkataza, halafu nikamwona akimpa."

Baba aligawa vyombo vyake vya kazi, akaenda Pugu kulima mihogo, akawa anakuja Ijumaa na kuondoka kabla ya jua kuzama. Alifia huko huko. Mama alikwenda kuiosha maiti yake miguu, akarudi bila kusimulia chochote.

Sasa mama ni mzee sana, anakaa nami Mbagala. Jirani zetu ni vijana wenye bendi. Nyuzi wananunua dukani wakati wowote, simu zao zinawaambia kama wametuni sawasawa, na besi zao zina nyuzi tano au sita. Wanabishana vile vile, ila kwa vitu walivyo navyo, si kwa walivyokosa. Nawafurahia, na mara nyingine nawaonea wivu. Juzi walipoanza mazoezi niliinuka kwenda kuwaomba wapunguze sauti kwa ajili ya mama.

"Waache," alisema.

Alisikiliza, mkono juu ya goti. Kisha, mara ya kwanza tangu tumzike mjomba, nilimsikia akilitaja jina lake.

"Huyu wa besi anakimbia. Shabani alikuwa anasubiri. Baba yako alikuwa akimsikiliza amefumba macho. Alimpenda sana, yule."

Nikakaa chini kando yake.