Uzi Mweupe wa Karani

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alishona nguo miaka arobaini na miwili katika chumba kimoja cha mbele, mlango ukitazama barabara. Mambo yake nayajua mimi kuliko hao wanaosimulia leo, kwa kuwa ndimi niliyemtilia vifungo na kumkunjia pindo. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mzito. Mteja akilalamika gauni linabana, wifi alimtazama tumbo, akamtazama usoni, akarudi kwenye cherehani. Mteja mwenyewe alielewa.

Binti yake wa pekee alipokwenda kufanya kazi mbali, alimwachia paka wa kijivu. "Mama, huyu ndiye mimi mpaka nirudi." Tulimwita Karani, maana alikalia daftari la vipimo tangu asubuhi. Wifi, asiyezungumza na watu, alizungumza na Karani mchana kutwa.

Wiki moja Karani akaanza kutapika. Siku ya pili hakugusa chakula, akajikunyata chini ya meza. Nikasema ni minyoo, nikamnywesha mafuta kwa kijiko. Siku ya tatu wifi alimwinua mkia, akaniita.

"Wifi, njoo uone. Ana uzi nyuma."

Ulikuwa uzi wa bandi, ule tunaoshikizia nguo kabla ya kupiga cherehani, kisha tunauchomoa. Ulining'inia urefu wa kidole.

"Tumpeleke kwa daktari," alisema.

"Kwa uzi? Watakucheka, fundi mzima. Tumechomoa nyuzi ngapi sisi? Mshike miguu."

Akamshika. Nikavuta. Ukaja kidogo, ukagoma. Nikavuta tena kama ninavyovuta kwenye pindo, mara moja na kwa nguvu. Karani alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa paka yeyote, na uzi ukakatika.

Daktari wa mifugo, mwanamke mpole, alimfunua mdomo akatuonyesha. Ncha ya pili ilikuwa imejizungusha chini ya ulimi. Uzi ulipita mwili mzima, na utumbo ulikuwa umejikusanya juu yake kama kiuno cha sketi kilichotiwa lastiki.

"Uzi wa namna hii hauvutwi, mama zangu. Ukivutwa unakata utumbo kama wembe. Nani ameuvuta?"

Wifi alijibu kabla sijafungua mdomo. "Mimi."

Daktari alimpasua, akaziba matundu manne. Karani alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Jioni binti akapiga simu. Nilikuwa kando, sindano mkononi. "Nilimvuta uzi, mwanangu," wifi alisema. "Ni mimi." Binti alilia, kisha akasema neno lililomfanya mama yake afumbe macho. Hakupiga tena mwaka mzima. Hata aliporudi alifikia kwa rafiki yake.

Siku moja nikajikaza. "Wifi, kwa nini hukunitaja?"

Alikata uzi kwa meno, akautema kiganjani. "Nikutaje, halafu nibaki na nani humu ndani?"

Nilikuwa na namba ya binti. Sikuwahi kumpigia. Wifi alipofariki, binti alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, akanishukuru kwa kumvumilia mama yake. Nikaitikia.